Mfarishi Husomwa Kuanzia Ukingoni

Mfarishi wa viraka una tabaka tatu: uso wa vipande vya kitambaa vilivyounganishwa, pamba au sufu katikati, na bitana upande wa nyuma. Mishono inayopenya tabaka zote tatu ndiyo inayoufanya kitu kimoja. Lakini mishono hiyo ikikamilika kazi bado haijaisha. Pande zote nne zi wazi, pamba inachungulia, nyuzi zinachomoka. Hapo mshonaji hukata mkanda mwembamba wa kitambaa, akauzungusha pembezoni kote na kuufunga uso, pamba na bitana kwa pamoja. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo mada ya makala haya.

Waandishi wa historia ya mifarishi, hasa ya Uingereza na Marekani ambako sanaa hii imechunguzwa kwa kina, huanzia katikati ya kitambaa: nyota, maua, almasi, rangi na majina ya michoro. Ukingo hupewa sentensi moja, kama hata hiyo imepatikana. Naamini hapo tunapoteza mengi. Katikati, mshonaji aliweka alichotaka kionekane. Ukingoni alitumia alichobaki nacho. Upana wa mkanda, mwelekeo wa nyuzi zake na alama ya mkono au ya cherehani hutueleza bei ya kitambaa, zana zilizokuwamo nyumbani na muda aliokuwa nao mwanamke aliyeshona.

Kwa nini ukingo huchakaa kwanza

Anayenunua doti ya kanga anaijua sehemu ya somo hili tayari. Pande mbili za kanga hufungwa na mtambo wenyewe wakati wa kufuma, wala hazifumuki. Pande zilizokatwa ndizo zinazopelekwa kwa fundi zikapindwe. Mfarishi ni mgumu zaidi kwa sababu pande zake zote zimekatwa, tena zina tabaka tatu zenye unene. Kuzipinda kama kanga hakuwezekani bila kutokeza uvimbe.

Ukingo pia ndio unaoshikwa na mkono usiku mtu anapojifunika, unaosugua kidevu, unaoburutwa sakafuni na kusuguliwa mtoni au kwenye beseni. Kwa hiyo mwelekeo wa nyuzi una uzito. Mkanda uliokatwa kufuata uzi wa mtande ukikunjwa, uzi mmoja au miwili hulala juu ya mkunjo kwa urefu wote wa upande. Uzi huo ukikatika, ufa husafiri. Mkanda uliokatwa mshazari hukatizwa na nyuzi nyingi fupifupi kwenye mkunjo, kila mmoja ukibeba sehemu ndogo ya msuguano. Tena hunyumbulika, hivyo hufuata kona na mikunjo bila kujikunyata.

Ila mshazari hula kitambaa, maana huacha pembetatu kwenye kona za kipande. Chukua mfarishi wa mita 2 kwa mita 2.3. Mzingo wake ni mita 8.6. Ukiongeza kiasi cha kuungia, unahitaji karibu mita 9 za mkanda. Kwa kitambaa chenye upana wa mita 1.1, hiyo ni mikanda tisa ya sentimita 6, yaani kipande cha sentimita 54 kilichokatwa kwa kufuata uzi. Kwa mtu mwenye duka la vitambaa jirani, hicho ni kidogo. Kwa mtu anayeshona kwa mifuko ya unga na suruali kuukuu, ni sehemu ya mfarishi mwingine. Hesabu hii ndogo iko nyuma ya karibu kila uamuzi tutakaoukuta katika safari hii.

Uingereza na Wales: ukingo uliojifungia ndani

Katika kaunti za Durham na Northumberland kaskazini mwa Uingereza, na kote Wales, wanawake wa karne ya 19 walishona mifarishi mingi ya kitambaa kimoja kizima. Urembo wake ulitokana na mishono yenyewe: manyoya, mikufu, waridi, majani. Mingi iliweza kutandikwa upande wowote, mara nyingi ikiwa na rangi moja juu na nyingine chini. Mkanda ungeingiza rangi ya tatu na kuupa upande mmoja ukubwa juu ya mwingine. Basi desturi ilikuwa kukunja uso ndani na bitana ndani, zikatazamana, kisha kupitisha mstari mmoja au miwili ya mishono ya kawaida karibu na ukingo. Hakuna kipande kilichoongezwa. Mtafiti akikuta mistari miwili sambamba pembezoni na hakuna mkanda, huanza kufikiria Uingereza au Wales kabla hata hajatazama mchoro.

Kazi hiyo ilikuwa riziki. Katika mabonde ya machimbo ya makaa ya mawe, wajane na wake za wachimbaji walioumia waliendesha vikundi ambavyo wateja walilipa kidogokidogo kila wiki hadi mfarishi wao ukamilike. Vijijini Wales, washonaji walihama kutoka shamba hadi shamba, wakilala na kula kwa mwenye nyumba hadi kazi iishe. Allenheads, huko Northumberland, Elizabeth Sanderson aliishi kwa kuchora michoro ya mishono juu ya vitambaa ambavyo wengine wangevishona, akafundisha wasichana wengine kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1933.

Mwaka 1928 ofisi ya Uingereza ya kukuza viwanda vya vijijini ilianza kuwatafutia wanawake wa Durham na Wales Kusini soko la watu wenye fedha, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 hoteli ya Claridge's ya London iliagiza mifarishi yao. Mavis FitzRandolph, aliyekuwa miongoni mwa waliosimamia mpango huo, alichapisha mwaka 1954 kitabu chake kuhusu ushonaji huo, na kwa njia hiyo maarifa ya vijiji vingi yalihifadhika.

Marekani: utepe, kisha kitambaa cha kiwanda

Ng'ambo ya Atlantiki, wanawake wa New England na Pennsylvania walikuwa na kifaa kidogo cha kufumia utepe, kinachoweza kuwekwa magotini au juu ya meza. Kilitoa kamba bapa za kufungia aproni, soksi na magunia. Utepe huo ulifungia pia mifarishi, hasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Ubora wake ni kwamba kingo zake mbili zimefungwa na mfumo wenyewe, hivyo haukuhitaji kukunjwa ndani. Uliwekwa nusu mbele na nusu nyuma, ukapigwa mshono, basi. Mifarishi yenye ukingo wa utepe wa kufumwa nyumbani ni kumbukumbu ya nyumba ambamo muda wa mwanamke ulikuwa mwingi kuliko fedha zake.

Viwanda vilibadilisha uwiano huo. Kinu cha kusokota pamba kwa nguvu ya maji kilianza kazi Pawtucket, Rhode Island, mwaka 1790. Mwaka 1794 Eli Whitney alipata hataza ya mashine ya kutenganisha pamba na mbegu, na mashamba ya kusini yakapanuka kwa jasho la watu waliofanywa watumwa. Kufikia miaka ya 1820 na 1830, viwanda vya Lowell na miji jirani ya Massachusetts vilitoa kitambaa cha pamba kwa bei iliyozidi kushuka. Bitana ya mfarishi sasa ingeweza kununuliwa kwa jora, na mkanda wa ukingo kukatwa kutoka kwenye kitambaa chenye maua kilichochaguliwa kwa rangi yake.

Hapa historia hii inagusa pwani yetu moja kwa moja. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar shehena kubwa za kitambaa hicho cha pamba kisichopaushwa, wakarudi na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Watu wetu wakakiita merikani. Misafara ya bara ilikipima kwa shuka na doti, ikakitumia kama fedha kutoka pwani hadi maziwa makuu. Kitambaa cha aina ile ile kilichokuwa bitana kitandani Massachusetts kilikuwa vazi na ushuru wa njia Unyamwezi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilikata ugavi huo, na baadaye vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi yake sokoni. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfarishi wa Kimarekani wa miaka ya 1840 hauwezi kuwa kitu cha kigeni kabisa. Pamba yake, na mateso yaliyoizalisha, vimo ndani ya historia yetu pia.

Cherehani lafika pembezoni

Elias Howe alipata hataza ya cherehani mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851. Mwaka 1856 kampuni ya Singer ilianza kuuza mashine kwa malipo ya awamu, na hapo ndipo familia za kipato cha kati zilipoanza kuzipata. Kutoka miaka ya 1860 na kuendelea tunakutana na jambo la kuvutia: mifarishi mingi imeshonwa kwa mkono katika mwili wote, lakini mkanda wa ukingo umepigwa kwa cherehani.

Sababu ya kwanza ni ya kikazi. Ukingo ni mstari mrefu ulionyooka, na hakuna kazi inayolifaa cherehani kuliko hiyo. Mashine ziliuzwa pamoja na vifaa vidogo vya ziada, kikiwemo kifaa kinachoukunja mkanda juu ya ukingo huku sindano ikiufunga pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Sababu ya pili ni heshima. Cherehani lilikuwa mali ya gharama, na mistari yake iliyolingana ilionekana. Mshonaji aliyeiacha mbele ya macho ya wageni hakuwa anaficha uvivu. Harriet Powers wa Georgia, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837 na ambaye mfarishi wake wa visa vya Biblia wa mwaka 1886 umehifadhiwa Smithsonian mjini Washington, alitumia mkono na cherehani katika kazi moja kubandika sanamu zake. Heshima tunayoipa kazi ya mkono leo tusiisukume nyuma kwa watu ambao walifurahia kupumzika.

Lancaster na Gee's Bend

Jamii mbili za Marekani zaonyesha jinsi ukingo unavyobeba maisha ya watu. Ya kwanza ni Waamish, jamii ya Kikristo, wa kaunti ya Lancaster, Pennsylvania. Mifarishi yao ya kati ya miaka ya 1870 na 1940 ni ya sufu ya rangi moja moja zilizokolea, ikiwa na almasi kubwa au mraba katikati. Waamish waliukataa umeme lakini walikubali cherehani la kukanyaga, na mara nyingi mkanda wao ulifungwa kwalo. Ni mkanda mpana, takriban sentimita 2 na nusu, wa rangi inayopingana na uwanja. Mwaka 1971 Jonathan Holstein na Gail van der Hoof walionyesha mifarishi ya Kimarekani, ya Waamish ikiwemo, katika jumba la sanaa la Whitney, New York. Ilipotundikwa ukutani kama michoro ya rangi, mkanda ule mpana ulionekana kwa mara ya kwanza na macho ya mjini kama sehemu ya usanifu: mstari wa rangi unaoamua mahali uwanja unapokomea.

Ya pili ni Gee's Bend, kijiji cha Waamerika Weusi kwenye kona ya mto Alabama. Wazee wao walilima pamba huko wakiwa watumwa, na vizazi vilivyofuata viliilima kama wapangaji wa ardhi. Mifarishi yao ilitokana na nguo za kazi zilizochakaa, denimu iliyofifia, na mifuko ya unga na mbolea. Mara nyingi bitana iliachwa kubwa kuliko uso kwa vidole viwili au vitatu, kisha ikaletwa mbele, ikakunjwa na kushonwa. Njia hiyo haihitaji mkanda wowote. Ndiyo yenye busara kuliko zote pale ambapo kila kipande kina kazi nyingine inayokisubiri. Mwaka 1966, katikati ya harakati za kudai haki ya kura, wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa Freedom Quilting Bee. Waliuza kwa maduka makubwa ya New York, ambayo yalidai vipimo na mishono inayolingana. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji ilionyeshwa Houston na kisha Whitney, na dunia ikasifu mistari yake isiyonyooka. Kingo zilizoletwa kutoka nyuma zimo ndani ya mvuto huo: upana wake hupanda na kushuka, kwa sababu zinaufuata uso uliofuata kitambaa kilichopatikana.

Mikunjo ya miaka ya 1930

Katika mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, magazeti ya Marekani yalichapisha michoro ya mifarishi wiki hadi wiki. Miongoni mwa iliyopendwa sana ulikuwa ule wa pete za ndoa zilizofungamana, uliosambaa magazetini kuanzia mwaka 1928. Pembezoni mwake si mstari. Ni mfululizo wa tao, na kati ya tao na tao kuna pembe inayoingia ndani. Mkanda uliokatwa kufuata uzi hauwezi kuufuata ukingo wa namna hiyo. Mchoro mmoja uliopendwa ukawalazimisha wanawake wengi kujifunza kukata mshazari, kuunyoosha mkanda kidogo kwenye pembe ya ndani na kuulegeza juu ya tao. Soko likajibu kwa mikanda ya mshazari iliyokwisha kukatwa, kukunjwa na kufungwa katika vipakiti. Mwaka 1933 kampuni ya Sears ilitangaza shindano la mifarishi wakati wa maonyesho ya dunia ya Chicago, na takriban mifarishi 24,000 ikawasilishwa. Idadi hiyo yaonyesha ni mikono mingapi ilikuwa ikifanya kazi nyakati ambazo kazi ya mshahara ilikuwa adimu.

Mkanda wa tabaka mbili

Mwaka 1979 kampuni ya Olfa ya Japani ilitoa kisu chenye gurudumu kikali kama wembe. Kikitumiwa na rula nzito ya plastiki juu ya mkeka maalumu, kilikata tabaka kadhaa za kitambaa kwa mkupuo mmoja ulionyooka. Mkanda uliochukua jioni nzima kuchorwa na kukatwa kwa mkasi sasa ulipatikana kwa dakika chache. Ndipo mkanda wa tabaka mbili ulipokuwa kawaida. Unakatwa upana wa sentimita 6 hivi, unakunjwa katikati kwa urefu na kupigwa pasi. Ukichakaa tabaka la juu, la chini bado lipo.

Njia yake inastahili kuelezwa kwa hatua. Vipande huungwa kwa mshono wa mshazari ili unene wa kiungo utawanyike. Kingo mbichi za mkanda hulinganishwa na ukingo wa mfarishi upande wa uso, mshono ukienda milimita 6 ndani. Mkanda hauanzii kwenye kona bali katikati ya upande. Kabla ya kufika konani, mshono husimama milimita 6 kutoka mwisho. Mkanda hukunjwa kwenda juu kwa digrii 45, kisha hushushwa sambamba na upande unaofuata, na mshono huanza tena ukingoni. Ule mkunjo uliofichwa ndio utakaoipa kona mstari wake wa mshazari mkanda ukigeuziwa nyuma. Nyuma hufungwa kwa mkono, sindano ikiingia kwenye bitana na kuchukua nyuzi chache za mkunjo ili mshono usionekane.

Maonyesho ya Paducah, Kentucky, yaliyoanza mwaka 1985, na mengine yaliyofuata, yaliigeuza kazi hiyo kuwa kipimo cha ustadi. Waamuzi huuminya mkanda kwa vidole kuhakikisha umejaa pamba hadi ukingoni, hutazama kama kona ni za mraba na kama mkunjo wa kona umeshonwa ukafungwa. Ni haki kuudai ubora huo. Si haki kuutumia kuuhukumu mfarishi wa Gee's Bend au wa Durham, kwa kuwa ni kipimo cha zama zenye kisu cha gurudumu, umeme na kitambaa kingi.

Zama hizo hizo zilitupa ukingo wa namna nyingine. Mfarishi wa kumbukumbu ya waliofariki kwa UKIMWI, ulioasisiwa San Francisco na Cleve Jones pamoja na wenzake, ulitandazwa Washington Oktoba 1987 ukiwa na vipande 1,920. Kila kipande ni cha futi 3 kwa 6, kipimo kinacholingana na kaburi. Vipande huungwa vinane vinane, na pembezoni huwekwa turubai yenye matundu ya chuma ili kila kundi liweze kufungwa kwa jirani yake. Ukingo huo umetengenezwa kwa ajili ya kuungana, na kwa kazi hiyo ni kamili.

Wanaoanzia ukingoni

Katika misitu ya Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika. Wengi wa wahenga wao walivushwa Bahari ya Hindi na kuuzwa Goa wakati wa Wareno, na baadhi walitoroka utumwa wakajificha milimani. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Sari kuukuu hutandikwa kuwa bitana. Mshonaji huanzia konani, hukunja ukingo, huweka kiraka cha kwanza na kukishona kwa mishono ya kawaida. Huendelea kuzunguka pembezoni, kiraka baada ya kiraka, na mistari ya mishono huingia ndani duru kwa duru hadi katikati ijae. Konani hushonewa vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembetatu, viitwavyo phula, yaani maua, na bila hivyo kawandi haihesabiwi kuwa imekamilika. Wasiddi ni Waislamu, Wahindu na Wakristo, na mingine ya mifarishi yao hubeba misalaba au hilali, lakini utaratibu wa kuanzia pembezoni ni mmoja kwa wote.

Kawandi hutuonya dhidi ya kudhani kwamba ukingo ni lazima uwe jambo la mwisho. Mshonaji wa Marekani hukata tabaka zake kwanza, ndipo akauliza namna ya kuzifunga. Msiddi huuliza swali hilo mwanzo, na ukubwa wa kazi yote hutokana na jibu lake. Yeye hatumii mkanda wala hapotezi kitambaa, na hawezi kumaliza mwili wa mfarishi akauacha ukingo wazi.

Wajibu wa anayehifadhi

Ukingo ni shahidi anayehitaji kuhojiwa kwa uangalifu. Kwa kuwa huchakaa kwanza, ndio hubadilishwa kwanza. Mfarishi wa miaka ya 1840 unaweza kuwa na mkanda wa kitambaa cha miaka ya 1900, na anayekisia umri kwa mkanda peke yake atakosea kwa miaka sitini. Lakini mkanda huo wa pili nao una habari: kwamba mfarishi ulikuwa bado unatumika, na kwamba mjukuu aliona unafaa kuokolewa. Kuubandua ili kuurudishia mfarishi sura yake ya kwanza ni kufuta ukurasa huo.

Tangu mradi wa Kentucky wa mwaka 1981 uanze kuorodhesha mifarishi ya jimbo zima, miradi kama hiyo imeenea Marekani, na fomu zake huuliza pia ukingo umefungwaje: kwa mkanda ulionyooka, kwa mshazari, kwa bitana iliyoletwa mbele, au kwa kukunjwa ndani. Swali hilo linatufaa sisi pia. Anayeorodhesha kanga, kikoi, kanzu au kofia ya mkono, katika jumba la makumbusho au katika sanduku la bibi, aandike rangi na jina la nguo, kisha aandike pindo: limekatwa wapi, limekunjwa mara ngapi, limeshonwa kwa mkono au kwa cherehani, matamvua yamesokotwa vipi, na kama uzi wa pindo ni wa umri mmoja na nguo. Ni mistari mitatu tu katika daftari. Bila mistari hiyo tutajua nguo ilivyopendeza, tusijue ilivyogharimu wala nani aliyeitengeneza tena ilipochakaa.